Nafula Hakuomba Ruhusa

Nyumba ya Athanas haikuwa nyumba ya kelele. Ilikuwa sehemu ya chini ya jumba moja la Al Thumama, mtaa wa Uarabuni ulio karibu na uwanja wa ndege, ambalo mwenye jumba alilikata vipande akapangisha familia nne: vyumba viwili, sebule, na jiko jembamba lenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Viatu vilivuliwa mlangoni na kupangwa vikitazama nje. Chakula cha jioni kililiwa mezani baada ya sala, na aliyeshika simu alitazamwa mpaka akaiweka chini. Athanas alikuwa msimamizi wa madereva katika kampuni ya mabasi yanayobeba wafanyakazi kutoka mabweni ya Industrial Area kwenda kazini, na Edith, mkewe, alipenda kusema kwamba usimamizi wa mume wake hauishii getini. Unapanda naye gari mpaka nyumbani.

Mama yake Athanas, Nafula, alifika mwezi wa pili mwaka wa 2016, siku chache kabla Edith hajajifungua. Alikuja na viza ya matembezi, sanduku moja, na mfuko wa unga wa wimbi kwa ajili ya uji wa mzazi. Alikuwa mjane. Kwao Chwele, upande wa Bungoma, alikuwa na hoteli ndogo sokoni, chai na maandazi asubuhi, maharagwe na chapati mchana, na kabla ya kusafiri alimkabidhi jirani yake funguo akamwambia, "Usinipotezee wateja. Narudi kabla ya mvua kuisha."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, akaitwa Emily. Wiki za mwanzo zilipita kama zinavyopita kila mahali penye kitoto kichanga. Emily alikuwa na chango. Kila alasiri alijikunja na kulia mpaka akawa mwekundu, na hakuna aliyeweza kumtuliza ila Nafula, ambaye alimlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kwenye kiwiko, akatembea naye sebuleni huku akimwimbia nyimbo za kuotea moto. Likizo ya Edith ilipokwisha, akarudi hotelini alikokuwa akisimamia usafi wa vyumba. Jioni alirudi na maziwa yameloanisha sare yake, akitaka mtoto kabla hata hajavua viatu. Kulikuwa na mabishano madogo madogo: kiyoyozi kiwe baridi kiasi gani, mtoto avalishwe soksi au asivalishwe, uji uwekwe maziwa au limau. Nafula alishinda mengi ya hayo mabishano bila kupandisha sauti.

Edith aligundua jambo moja ambalo hakumwambia mume wake. Siku zake za mapumziko, mtoto akishalala mchana, mama mkwe alichukua simu na kuingia jikoni. Alizungumza kwa Kibukusu, polepole, na mara nyingi alicheka. Hakikuwa kicheko alichokuwa nacho mezani. Kilikuwa kicheko cha msichana aliyekaa juu ya ukuta akining'iniza miguu. Edith, kila alipotaka kuingia kuchukua maji, alikohoa kwanza.

Ijumaa ilikuwa siku ya kanisa na siku ya habari. Asubuhi walikwenda Mesaimeer, kwenye eneo la makanisa, wakapita kwenye ukaguzi wa getini pamoja na Wafilipino na Wahindi na Waafrika wenzao, kila kundi likielekea kwenye ukumbi wake. Mchana walirudi, wakala, kisha Athanas aliunganisha simu yake na spika ndogo iliyokuwa juu ya kabati la televisheni, na familia ikasikiliza ujumbe wa sauti uliotumwa wiki nzima kutoka nyumbani. Mwenye kutuma zaidi alikuwa Nasimiyu, kifungua mimba wa Nafula, mwalimu huko Bungoma, mwanamke asiyeweza kusema habari kwa ufupi. Ng'ombe amezaa ndama dume. Shangazi yenu amepatikana na presha, ameambiwa aache chumvi, na anakula kwa jirani. Collins, kitinda mimba, amemaliza kupaka rangi nyumba yake Eldoret, mke wake anasema inafanana na zahanati. Walisikiliza, wakacheka, wakajibu.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, baada ya habari za ndama, spika ikaendelea yenyewe kwenye ujumbe uliofuata.

"Athanas," ilisema sauti ya Nasimiyu, chini chini, "hii usikilize ukiwa peke yako. Mama asiwe karibu."

Athanas aliinuka, lakini alikuwa amekaa upande wa ndani wa meza, kati ya ukuta na kiti cha mtoto. Mpaka alipojikwamua, sauti ilikuwa imesema yote.

"Huku watu wanaongea. Ni mama na yule mzee Gerishon, yule wa vitunguu. Si mambo ya jana. Wanasema mama akirudi wanaoana. Mimi nilimkuta Gerishon sokoni nikamwuliza waziwazi. Akavua kofia, akaniambia, 'Mwulize mama yako.' Sasa mimi nitamwuliza mama kitu kama hicho vipi? Afadhali umkalishe huko huko. Si ulisema kile kibali chake cha kukaa kiko karibu kutoka?"

Athanas alizima spika. Ndege ilipita juu ya nyumba ikishuka uwanjani, na vijiko vikatetemeka kidogo kwenye sahani.

"Gerishon gani?" alisema Athanas.

"Kibali gani?" alisema Nafula.

Walisema kwa pamoja. Edith akamtazama mmoja, kisha akamtazama mwingine.

"Lako ni rahisi, nianze nalo," alisema Nafula. Alikuwa amempakata Emily, na alimpangusa mdomo kabla ya kuendelea. "Gerishon unayemjua. Aliyekuwa dereva wa lori la miwa, mke wake akafariki mwaka ulipomaliza shule. Ndiyo. Nikirudi tunaoana. Nilikuwa nikitafuta siku nzuri ya kuwaambia, dada yako ameniwahi. Sasa langu. Kibali gani?"

Athanas alirudi kukaa. Alisema kwa sauti aliyoitumia kwa madereva waliochelewa, sauti ya mtu mwenye ratiba mkononi. Alisema Edith amerudi kazini na mtoto ni mdogo. Alisema kupata msichana wa kumlea ni shida na kumwamini ni shida zaidi. Alisema huku hospitali ziko karibu, umeme haukatiki, na mama amefanya kazi vya kutosha kwenye ule moshi wa hoteli. Kwa hiyo ameanza kumwombea kibali cha ukaazi ili akae nao. Alitaka kumweleza mambo yakishakuwa tayari.

"Nikae mpaka lini?"

"Mama, ukae tu. Hapa ni kwako."

"Uliniambia miezi mitatu."

"Mambo yamebadilika."

"Yamebadilika kwako," alisema Nafula. "Kwangu hayajabadilika."

"Mama, una miaka sitini na tatu!"

"Najua, Athanas. Nilikuwepo yote."

Edith alijifanya kukusanya sahani ili asionekane akitabasamu. Lakini Athanas hakuwa akitabasamu. Uso wake ulikuwa umeingia giza, na kwa mara ya kwanza tangu aoe, aliondoka mezani kabla ya wengine.

Kesho yake alikusanya baraza. Aliisimamisha simu kwenye kopo la sukari, na kwenye kioo wakatokea Nasimiyu, amejifunga kitambaa kichwani, na Collins, ambaye mtandao wake ulikuwa ukimkwamisha mdomo wazi. Nafula alikaa mbele yao amejitengeneza, amevaa gauni lake la kanisani. Hakutaka wamwone na khanga ya jikoni.

Nasimiyu alianza kwa kulia. Alisema hakukusudia sauti ile isikike, lakini kwa vile imesikika, na aseme. Shuleni walimu wenzake wameanza kumtania, wanamwuliza mahari ya mama yake italetwa lini.

"Waambie bado tunajadiliana," alisema Nafula.

"Mama!"

Collins akadaka. Alisema yule mzee anataka shamba la baba. Hakuna kingine.

"Gerishon ana shamba lake, na vitunguu vyake vimenishinda mimi kuvipika," alisema Nafula. "La baba yenu liko pale pale. Limeandikwa majina yenu tangu alipofariki, na mimi ndiye niliyewapeleka kuliandika. Kama una hofu nyingine, itoe."

"Na utazikwa wapi?" aliuliza Collins. "Baba analala peke yake pale. Utamwacha peke yake?"

Hilo lilimchoma. Athanas aliona vidole vya mama yake vikishika ukingo wa meza. Mzee Tom, mume wake, alipooza upande mmoja, akakaa kitandani miaka mitatu kabla ya kufariki. Watoto walileta dawa na machungwa siku za sikukuu. Aliyemgeuza, aliyemwosha na kumlisha kijiko kwa kijiko, alikuwa mmoja.

"Sikilizeni," alisema. "Baba yenu sikumwacha peke yake alipokuwa hai. Hakuna atakayekuja kunifundisha kutomwacha akiwa amekufa. Mmeshanipangia kaburi, nyote watatu, na leo hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Mnajua anayeniuliza? Kila siku, alasiri, anapiga simu anauliza, 'Nafula, umekula nini?' Nikimwambia wali, anauliza wali na nini. Hilo tu. Ni miaka mingi sijaulizwa wali na nini."

Collins alikuwa amekwama tena kwenye kioo, na haikujulikana kama ni mtandao au ni yeye.

"Sikuwaita niombe ruhusa," alisema Nafula. "Hata sikuwaita. Mmeitana wenyewe. Mimi nawapa habari, kama mnavyonipa habari za ndama. Athanas, naomba pasipoti yangu nikate tiketi."

Athanas alimwambia baraza halijaisha.

"Kwangu limeisha. Pasipoti."

"Pasipoti iko salama, mama." Alielekeza kidevu kwenye kabati la chuma lililokuwa kona ya sebule, alimoweka vyeti vya familia, hati ya kupanga nyumba, na karatasi zote za maisha yao. Ufunguo ulikuwa kwenye kishada cha funguo zake, kiunoni.

"Sikuuliza kama iko salama," alisema Nafula.

Hakuipata siku hiyo. Hakuipata wiki hiyo. Athanas alikuwa na jibu kila alipoulizwa: inahitajika ofisini, kuna karatasi moja imebaki, tuzungumze ukitulia. Hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia mama yake viatu vya raba vya kutembelea, akamletea matunda, akamwuliza kama kiyoyozi cha chumbani kinafanya kazi vizuri. Kila kitu alimpa, ila kile alichoomba. Nafula naye aliendelea kumlea Emily kama kawaida, kwa sababu mtoto hakuwa na kosa, lakini mezani aliacha kusema. Alisema "Amina" baada ya sala, akala, akaosha sahani yake mwenyewe, akaenda kulala. Na mchana simu ya jikoni iliendelea. Sasa hakufunga mlango.

Ijumaa iliyofuata, baada ya ibada, alikaa kwenye ukingo wa saruji penye kivuli cha ukuta, hapo Mesaimeer, akimsubiri Athanas alete gari. Pembeni yake alikaa Nyanchama, msichana wa Kisii aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba moja na kupata ruhusa ya kanisa mara chache. Nyanchama alipenda kukaa karibu na Nafula kwa sababu alinukia, alivyosema mwenyewe, kama jiko la kwao.

"Mama, unarudi nyumbani lini?" aliuliza. "Nikupe kitu kidogo umpelekee mama yangu ukifika Kenya, ukitume na gari la Kisii."

"Sijui, binti yangu. Pasipoti yangu imefungiwa kabatini."

Nyanchama aligeuka mwili mzima. "Hata wewe? Pole, mama. Yangu sijaiona tangu siku niliyofika. Sheria hairuhusu, lakini nitamwambia nani? Bosi wako ni wa wapi?"

Nafula alifungua mdomo, akaufunga. Aliwatazama watu wakitoka ukumbini na watoto wao, akina mama wakitafuta viatu.

"Bosi wangu nilimzaa," alisema.

Alidhani msichana atacheka. Nyanchama hakucheka. Alimshika mkono tu, wakakaa hivyo mpaka gari likaja. Njia nzima kurudi Al Thumama, Nafula aliutazama upara mdogo uliokuwa umeanza kisogoni mwa mwanawe, palepale ulipoanzia wa baba yake, na akajiambia kwamba atakachokifanya kitamwuma huyu mtoto, na atakifanya.

Wiki ile ilikuwa ya maandalizi. Emily alikuwa apelekwe mbele ya kanisa kuwekwa wakfu, na baada ya hapo wageni waje nyumbani kwa chakula. Siku yenyewe Nafula alipika tangu alfajiri kama anayepikia soko zima: kuku, pilau, chapati, kachumbari, na ugali wa wimbi kwa wale waliosema hawajauona tangu watoke kwao. Wageni walikuwa watu wa kikundi chao cha maombi. Kulikuwa na walinzi, madereva wawili wa Athanas, mhudumu wa hoteli aliyefanya kazi na Edith, na Nyanchama, ambaye siku hiyo aliruhusiwa mpaka jioni. Kiongozi wao alikuwa Arnold, Mganda mnene mpole, mlinzi wa jengo la maofisi, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake.

Walikula, wakasifu, wakapiga picha na mtoto. Kisha Arnold akagonga glasi na kijiko akasema kwamba, kama ilivyo desturi yao, kabla hawajatawanyika, kila mwenye hitaji alitaje ili wamwombee. Dereva mmoja alitaja goti lake. Mhudumu wa hoteli alitaja mdogo wake anayefanya mtihani. Edith alishukuru kwa mtoto. Athanas, akiwa amesimama karibu na kabati la chuma kama mwenye nyumba anavyostahili kusimama, aliomba familia yake idumu katika umoja.

"Na wewe, mama?" Arnold aliuliza. "Kukhu, bibi yake Emily, una hitaji?"

Nafula aliinuka. Emily alikuwa amelala begani kwake.

"Ninalo," alisema. "Naomba mniombee nipewe pasipoti yangu. Imefungiwa kwa muda sasa. Nataka kwenda nyumbani, nina mtu ananingoja, na sina namna ya kuondoka. Ni hilo tu."

Akakaa.

Chumba kile kilikuwa kimejaa watu wanaolijua neno hilo. Hakuna aliyehitaji kuelezewa. Mlinzi mmoja alitazama sahani yake. Mmoja wa madereva alimtazama Athanas, mara moja, kwa haraka, kisha akatazama kwingine, na hiyo haraka ndiyo iliyomfanya Athanas ahisi damu ikimpanda masikioni. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia madereva wake kila mara: pasipoti ni yako, weka mwenyewe, ukinyang'anywa njoo uniambie.

Arnold alikohoa. Angeweza kupitisha hitaji hilo kwa maneno ya jumla, na watu wangemwelewa. Lakini alikuwa mtu aliyechukulia maombi kuwa kazi.

"Tuombe," alisema, na wote wakainamisha vichwa. Aliombea goti. Aliombea mtihani. Akashukuru kwa Emily. Kisha akavuta pumzi. "Na mama yetu hapa, Bwana, anaomba pasipoti yake. Wewe unajua iko wapi. Mguse aliyeishika, umlainishe moyo, aifungue leo, asingoje kesho. Wote tuseme?"

"Amina," walisema wote. Sauti ya Nyanchama ilikuwa juu ya zote.

Athanas alisema "Amina" baada yao, peke yake.

Wageni waliondoka mapema. Adhana ya magharibi ilikuwa ikisomwa Athanas alipofunga mlango na kugeuka.

"Umeniaibisha nyumbani kwangu," alisema. "Mbele ya watu ninaowasimamia."

"Nilikuomba faraghani mara ngapi?"

"Mimi ni mwanao! Si kafili, si mwajiri! Nakutunza!"

"Basi nitunze nikiwa na pasipoti yangu."

"Athanas," alisema Edith. Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na kitambaa cha sahani begani. "Mimi ndiye ninayemhitaji mama kuliko mtu yeyote humu ndani. Akiondoka, sijui Jumapili nikienda kazini nitamwacha mtoto na nani. Kwa hiyo nisikilize mimi. Pale hotelini kuna wasichana wanaolia chooni kwa sababu ya kitu hiki. Mimi ndiye huwafuta machozi. Sitakuja nyumbani nikute kabati letu linafanya hivyo hivyo. Mpe."

Athanas alikaa kwenye mkono wa kochi. Kwa kitambo alichezea funguo zake, akizipitisha kidoleni moja moja. Aliposema tena, ile sauti ya ratiba ilikuwa imekwisha.

"Mimi nikiwa huku," alisema, "nikichoka, nikitukanwa, najiambia kuna nyumbani. Baba hayupo, sawa, lakini wewe uko pale, kwenye kile kiti, karibu na dirisha. Ndiyo picha niliyo nayo. Sasa ukienda kwa mtu mwingine, mimi nitarudi wapi?"

Nafula alimweka Emily kwenye kitanda chake, akaja akakaa karibu naye.

"Utarudi kwako," alisema. "Nyumba ya baba yako haihami, na ukija nitakuja kuifagia kabla hujafika. Lakini mimi si nyumba, Athanas. Huwezi kuniweka pale dirishani, uende zako dunia nzima, urudi unikute."

Alilia, mtu mzima yule, kwa kujificha uso na mkono wa shati. Mama yake alimwacha alie. Alipomaliza, aliinuka akafungua kabati la chuma, akatoa kitabu kidogo chenye jalada la rangi ya samawati, akakiweka mezani. Hakukitia mkononi mwake. Nafula alikichukua mwenyewe.

"Sikubali," alisema Athanas. "Nimekupa, lakini yule mzee sikubali."

"Sikukuuliza," alisema Nafula, na akaenda chumbani akakiweka ndani ya sidiria yake kama wanawake wa sokoni wanavyoweka vitu vyao.

Hakuondoka kesho yake. Hilo liliwashangaza wote. Alisema atakaa mpaka Athanas ajue kumwogesha binti yake, na aeleweke vizuri: anakaa kwa sababu amependa kukaa. Edith aliomba zamu za jioni hotelini, na Athanas, kwa mara ya kwanza tangu apate cheo, alikwenda kwa wakubwa wake akaomba kuanza kazi alfajiri ili awe nyumbani mchana. Mkono kwa mkono, wangekabidhiana mtoto mlangoni. Kuhusu kibali cha ukaazi, aliwapigia watu wa makaratasi akawaambia waache.

Joto la mwezi wa sita lilikuwa limeingia, na maji ya bomba la baridi yalitoka ya moto kutoka kwenye tangi la juu ya paa. Nafula alimfundisha kuyaacha kwenye ndoo tangu asubuhi yapoe. Alimfundisha kuyapima kwa kiwiko, kushika shingo ya mtoto, kuosha mikunjo ya mapaja, kumlaza kifudifudi mkononi chango likianza. Athanas alimshika kama anayebeba mayai. Siku ya kwanza Emily alimkojolea kifuani. Siku ya nne alimchekea, na Athanas akamwita mkewe, akamwita mama yake, akataka na jirani aje aone.

Uwanja wa ndege ulikuwa karibu na nyumbani, lakini siku ya safari Athanas aliendesha polepole mno. Alimbebea sanduku mpaka mahali wasiosafiri wanapozuiwa, akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia amsalimie Nasimiyu. Hakutaja jina lingine. Nafula hakumlazimisha. Alimwonyesha ofisa pasipoti yake kwa mkono wake mwenyewe, akapita, na hakugeuka nyuma, maana alijua akigeuka atarudi kumfuta yule mtoto machozi.

Walioana mwezi wa nane, kwa msajili wa ndoa asubuhi na kanisani mchana, watu wachache. Gerishon alivaa suti iliyokuwa ikimbana mabegani. Nasimiyu alikuja akiwa amenuna, akakaa kiti cha nyuma kabisa, na kufikia wakati wa chakula alikuwa jikoni akigombana na wapishi kuhusu chumvi, jambo lililomwonyesha mama yake kwamba yamekwisha. Collins hakuja. Alituma mbuzi, bila ujumbe. Edith alipiga simu, akamwinua Emily mbele ya kamera aone, na alipougeuza mkono, kamera ilimpitia Athanas akiwa amekaa kwenye kochi amewapa mgongo. Hakugeuka.

Wiki zilipita. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku Athanas alipopiga simu alasiri, akiwa peke yake na mtoto. Gerishon ndiye aliyepokea, kwa sababu Nafula alikuwa na unga mikononi. Alisikika akisema, "Ndiyo. Ndiyo, mzima. Yuko. Mvua ipo. Vitunguu vimeoza vichache. Ndiyo." Kisha akaiweka simu chini, akakaa, akavua kofia.

"Alisemaje?" Nafula aliuliza.

"Ameniuliza kama paa linavuja. Na ameniita mzee." Gerishon alifikiri kidogo. "Hakuniita baba."

"Baba yake amelala kule kwenye migomba," alisema Nafula akiendelea kukanda unga. "Wewe ni mzee, si ndiyo? Basi amekuita jina lako. Sogea, nataka kuwasha moto."